SOMO: Kutoa mafuta ya maganda ya machungwa kwa sufuria na mvuke

Wakuu, kila wiki naulizwa jambo hilihili. Naandika mara moja, mwenye swali aanzie hapa.

1. Omba maganda kwa muuza machungwa wa mkokoteni. Kisu chake kinatoa ngozi ya juu tu, na vifuko vya mafuta vimo humo. Ile nyeupe iache.

2. Osha, katakata, tumia siku hiyohiyo. Jua la Dodoma linapeperusha mafuta.

3. Jiwe safi katikati ya sufuria, maji na maganda kulizunguka, bakuli la udongo juu ya jiwe.

4. Geuza mfuniko, kishikio kitazame bakuli. Juu weka barafu, mvuke upoe na kudondokea bakulini.

5. MOTO. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Zaidi ya asilimia 90 ya mafuta haya ni limoneni, ambayo ikiwa peke yake huchemka kwenye nyuzi 176. Mtu akisikia hivyo anajaza mkaa. Hakuna haja! Limoneni haichangamani na maji, na vikichemshwa pamoja mivuke yake husaidiana, vikatoka pamoja kabla hata ya joto la maji kutokota. Nasi tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji yetu hutokota karibu nyuzi 96. Basi yatokote polepole. Moto mkali hurusha maji machafu ndani ya bakuli, huyeyusha barafu, na kusukuma mvuke wa mafuta pembeni kuelekea kwenye makaa. Mafuta haya yanashika moto. Fanyia nje, usifunue sufuria ikiwa juu ya moto, usiache maji yakauke.

6. Baada ya saa moja epua, ipoe. Mafuta yanaelea, yavute kwa bomba la sindano. Kilo ya maganda ikikupa kijiko cha chai, shukuru.

7. Chupa ndogo ya kioo, ijae, ikae gizani. Hewa huigeuza limoneni kuwa vitu vinavyodhuru ngozi, na plastiki nyingi hulainika zikikaa nayo.

MASWALI

Fundi_Area C: Chupa ya plastiki ya maji ya Uhai inafaa?
— Soma hatua ya 7.

Kijana wa Bahi: Mkuu, nanywa matone mangapi kwa kisukari?
— Hunywi hata moja. Sijaandika popote kwamba ni dawa. Ni ya kunukisha sabuni na kutoa gundi kwenye vyombo. Kisukari nenda hospitali.

Binti_UDOM: Samahani kaka, shangazi alikamua ndimu akaanika nguo, kesho yake mikono ikatoka malengelenge. Ni mafuta hayahaya?
— Swali zuri sana, mdogo wangu. Si limoneni hiyo, ni kemikali nyingine za ndimu ziitwazo furanokumarini, mojawapo bergapteni. Zikiwa kwenye ngozi na jua likapiga, ngozi inaungua, kisha hubaki mabaka meusi kwa wiki kadhaa. Ni nzito, kwa mvuke hazipandi kirahisi, ndiyo maana mafuta ya ndimu ya kukamua ni hatari kuliko ya mvuke. Shangazi aoshe mikono kwa sabuni kabla ya kutoka juani. Balungi nalo lina jamii hiyo: huzuia kimeng'enya cha utumbo kinachovunja baadhi ya dawa, dawa ikazidi mwilini. Anayemeza vidonge vya kila siku amuulize mfamasia.

Mama Juisi: Mbona juisi ya machungwa ikilala inakuwa chungu?
— Ni kitu kichungu kiitwacho limonini, dada, si limoneni. Kitu kinachoizaa hakina uchungu, asidi ya juisi ndiyo inayokigeuza taratibu kuwa limonini. Mbegu zina nyingi, usizisage.

Mkulima_Chamwino: Majani ya mjafari nikiyafikicha yananuka ndimu. Kuna undugu?
— Upo, mzee wangu. Mjafari na mchungwa ni familia moja, Rutasia. Inua jani kwenye mwanga, utaona vitone vinavyopitisha nuru. Hivyo ndivyo vifuko vya mafuta.

Mkulima_Chamwino: Nimeviona! Huku wanachimba mizizi yake kwa dawa, naona mti unakauka.
— Waambie wachume majani. Na ukipata mbegu, nihifadhie chache.