Kumhesabu mgeni bila kumtisha: utafiti wa uhamaji ndani ya mtaa mmoja wa Tanga

Mwulize mzee wa Makorora, Tanga mjini, "wewe ni mhamiaji?" atakwambia hapana, naye hasemi uongo. Neno hilo masikioni mwa watu lina harufu ya pasipoti, ya karandinga na ya kurudishwa ulikotoka. Aliyekuja mkongeni akiwa kijana, akaoa Tanga, akajenga na kuzika wazazi wake hapa, hajihesabu mhamiaji. Kwa hiyo ukianza dodoso na neno hilo, umeshapoteza nusu ya watu uliowafuata, na hao waliobaki wanakujibu kwa tahadhari.

Mwongozo huu ni wa wanafunzi wa sosholojia, maafisa maendeleo ya jamii na vikundi vinavyotaka kujua mtaa wao unawapokeaje wageni. Tunachukulia kuna timu ya watu 4, mtaa mmoja, wiki 3 za kazi na lengo la mahojiano 60.

Kwanza, chagua taasisi moja

"Hali ya wahamiaji Tanga" ni mada pana mno, haishikiki. Chukua taasisi moja ambayo mgeni lazima apite mlangoni kwake. Tunapendekeza ofisi ya mtendaji wa mtaa na ile barua ya utambulisho inayotoka pale, kwa sababu karatasi hiyo moja inafungua mambo mengi: maombi ya kitambulisho cha taifa kutoka NIDA, akaunti ya benki, dhamana polisi, hata maombi ya mkopo wa ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri iliyotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Anayekosa barua hakosi karatasi tu. Anakosa kuwa mtu wa mtaa.

Omba ruhusa ukae kwenye benchi la ofisi asubuhi 3 za siku tofauti, ukiwa na daftari lenye safu nne: saa aliyoingia, alichofuata, alichoulizwa, alichoondoka nacho. Majina usiandike. Sikiliza hasa safu ya tatu. Mama anaingia na picha mbili za pasipoti ndani ya bahasha ya kaki. Anaeleza shida yake. Swali la kwanza analokutana nalo mara nyingi ni "unakaa kwa nani?", na "unakaa wapi?" huja baadaye. Akitaja jina la mwenye nyumba anayejulikana, kalamu inachukuliwa. Akitaja jina lisilojulikana, anaambiwa akamlete mjumbe wa nyumba kumi au mwenye nyumba mwenyewe. Hapo ndipo utafiti wako ulipo. Mgeni anatambuliwa na serikali kupitia mwenyeji wake, basi dodoso zima lijengwe juu ya mwenyeji: nani alimpokea, alimlaza wapi, nani alimpeleka ofisini mara ya kwanza.

Angalia pia mpaka kati ya serikali na chama. Mtendaji ni mwajiriwa wa halmashauri. Mwenyekiti wa mtaa huchaguliwa kila miaka 5, na uchaguzi wa mwisho ulifanyika 27 Novemba 2024. Balozi au mjumbe wa nyumba kumi, mfumo ulioanza enzi za chama cha TANU, leo ni kiongozi wa chama tawala, CCM, ingawa wakazi wengi bado humwendea kama ofisi. Ukiandika "serikali ya mtaa" kwa wote watatu, matokeo yako yatakuwa uji.

Vibali

Mwanafunzi huanza na barua ya chuo chake. Mtafiti kutoka nje ya nchi huanzia COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na Uhamiaji kwa kibali cha ukaazi. Kisha barua inashuka: Katibu Tawala wa Mkoa, ngazi ya wilaya na Mkurugenzi wa Jiji, mtendaji wa kata, mtendaji wa mtaa. Usiruke ngazi hata kama mtendaji wa mtaa ni rafiki yako. Tembea na nakala 6 zilizogongwa mihuri, maana kila ofisi hubaki na moja. Tenga siku 10 za kazi kwa safari hizi, na usipange wadadisi kabla hujazimaliza.

Mbegu za uhamaji wa Tanga

Mdadisi asiyejua historia ya mahali hatajua aulize nini. Mkonge uliletwa mwaka 1893, mwaka uleule ambao reli ya Usambara ilianza kujengwa kutoka Tanga. Mashamba yalikula watu kuliko wenyeji walivyoweza au walivyotaka kutoa, hivyo vibarua wakaletwa kutoka Kigoma, Songea, Njombe, Burundi na Msumbiji. Kuanzia 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, na walioletwa wakaitwa manamba. Kazi yao ilihesabiwa kwenye kipande, yaani kadi yenye siku 30, na siku isiyotiwa alama haikulipwa. Wajukuu wao wamejaa Tanga mjini leo.

Kwa upande wa bahari kuna dago. Wavuvi kutoka Pemba na vijiji vya pwani husafiri na kupiga kambi ufuoni, hasa majira ya kaskazi, kisha hurudi kwao. Hawamo kwenye daftari la wakazi, na wengi wao hawana haja ya kuwamo. Tena kuna wanaofuata kazi za bandari, saruji, na sasa Chongoleani, linapoishia bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Uganda. Makundi haya matatu usiyatupe kapu moja. Wa mkonge alikuja kwa mkataba, wa dago anakuja kwa majira, wa bomba anakuja kwa tetesi ya ajira.

Kuorodhesha: hesabu vyumba

Hapa ndipo utafiti mwingi unapoharibika, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Daftari la mtaa lina majina ya wakuu wa kaya, na aliyehama juzi hayumo. Vibao vya namba vya anwani za makazi vinasaidia, lakini kibao kimoja ni jengo moja. Ingia nyumba ya Kiswahili kwenye barabara zenye namba za Ngamiani: korido katikati, vyumba vitatu kila upande, uani jiko na choo. Kibao kimoja, kaya sita. Anayelala banda la uani hutamsikia akitajwa kabisa. Kwa hiyo orodhesha vyumba. Tembea mtaa kwa mkono wa kulia mpaka uzunguke, na kila nyumba uliza: "Vyumba vingapi vinalaliwa, pamoja na vya uani na vya nyuma ya duka?" Kila chumba kipe namba. Kaya ni wanaokula chungu kimoja. Vijana watatu wa chumba kimoja wanaojipikia kila mtu na lake ni kaya tatu, na uwahoji wote watatu.

Tuseme umepata vyumba 412. Unataka mahojiano 60, lakini wengine hutawapata, kwa hiyo chagua 72. Gawanya 412 kwa 72, unapata 5.72. Chagua kwa bahati nasibu namba ya kuanzia, tuseme 3.2, kisha ongeza 5.72 kila mara: 3.2, 8.92, 14.64, 20.36, 26.08. Chukua namba nzima tu: chumba cha 3, 8, 14, 20, 26, mpaka mwisho. Usirahisishe 5.72 kuwa 5. Ukifanya hivyo utafikisha 72 kwenye chumba cha 360 au kabla, na vile 52 vya mwisho vitakosa nafasi yoyote. Orodha ikiwa imeishia pembezoni mwa mtaa, hivyo ndivyo vyumba vipya, wanakopangisha wageni.

Chumba kikiwa kimefungwa, kirudie mara 3 kwa nyakati tofauti: asubuhi, baada ya magharibi, na Jumapili. Kamwe usimhoji jirani badala yake. Jirani yuko nyumbani kwa sababu maisha yake ni mengine, na usiyempata ni mlinzi wa usiku, kuli wa bandarini, au mvuvi. Wavuvi wa dagaa wafuate usiku wa mbalamwezi, kwa kuwa taa zao hazivuti samaki mwezi ukiwa umejaa na wengi hupumzika. Ukienda wakati wa giza utakuta majamvi tu.

Kwa watu wa dago orodha ya vyumba haifai. Tumia kuponi, njia iliyoelezwa na mwanasosholojia Douglas Heckathorn mwaka 1997. Anza na watu 5 wasiofanana kwa kwao, umri na chombo. Kila aliyehojiwa mpe kuponi 3 zenye namba, azigawe kwa wenzake. Sharti usisahau kumwuliza kila mmoja: "Watu wa dago unaowajua kwa jina nao wanakujua, ni wangapi?" Mwenye wengi ni rahisi kufikiwa na kuponi, kwa hiyo katika hesabu uzito wake unapunguzwa. Bila jibu hilo, kuponi zako zinakuwa udaku wa marafiki.

Maswali

"Kwenu wapi?" ni swali la heshima lakini si la uhamaji. Aliyezaliwa Mabawa, hapa hapa Tanga, atajibu "Songea", kwa kuwa babu alitoka huko. Tenganisha: alizaliwa wapi, kabla ya mtaa huu alikaa wapi, na siku kama ya leo mwaka jana alikuwa akilala wapi. Majibu matatu yakitofautiana, umepata njia yake.

Kisha chora kalenda ya maisha. Chukua karatasi ya A3, miaka ikishuka kushoto, na safu tano: mahali, kazi, alikaa kwa nani, aliishi na nani, nani alimpa habari za huko. Ni mtindo uliokomazwa na utafiti wa uhamaji wa Meksiko na Marekani ulioanza 1982, na unafaa sana kwa watu wasioshika tarehe. Mtu akisahau mwaka, msaidie kwa matukio: vita vya Kagera 1978, msako wa nguvu kazi 1983, mvua za elinino 1997 na 1998, kifo cha Mwalimu Oktoba 1999, jiwe la msingi la Chongoleani Agosti 2017. Mwachie kalamu kama anapenda. Watu hujisahihisha wenyewe wakiona mstari wa maisha yao una pengo.

Kuhusu maisha ya umma, uliza vitendo. Mwaka jana alichangia nini pale mtaani: madawati, ulinzi shirikishi, msiba? Mara ya mwisho kuhudhuria mkutano wa mtaa ni lini, na alisema neno? Mwaka 2024 alijiandikisha kupiga kura hapa au alirudi kwao? Aliyemchagua si kazi yako. Halafu swali tunaloliamini kuliko yote: "Mkifiwa, mnazika wapi?" Kaya iliyokaa miaka 30 na bado inasafirisha maiti imekujibu jambo ambalo maswali kumi ya "unajisikia mwenyeji?" hayatalipata. Liulize mwishoni, kwa sauti ya chini, na kama kuna msiba wa karibuni liache.

Hofu, na namna ya kuituliza

Mjumbe akutambulishe mlangoni, kisha aondoke. Akibaki ameketi, hakuna atakayesema kuwa barua ilimchukua wiki tatu. Salimu sawasawa, shikamoo kwa aliyekuzidi, kaa unapooneshwa, na sema mapema kwamba hutoki Uhamiaji, mamlaka ya kodi (TRA) wala ardhi. Usiombe kuona kitambulisho. Usiandike namba ya NIDA. Mtu akikueleza kwamba hana karatasi, usiliweke hilo mahali popote panapoweza kuunganishwa na chumba chake, kwa kuwa daftari lako likipotea ndiye atakayelipa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu 1 Mei 2023, na inakugusa hata kama wewe ni kikundi kidogo. Dodoso libebe namba tu. Orodha inayounganisha namba na vyumba ikae kwa mtu mmoja, mbali na madodoso, nje ya kundi la WhatsApp la timu.

Ukiwalipa watu muda wao, walipe wote sawa na uwaambie kabla hawajakubali.

Kusoma ulichokusanya

Kwa kaya 60, nusu wakisema hawakupata barua, ukweli wa mtaa mzima unaweza kuwa popote kati ya asilimia 37 na 63. Andika hivyo. Usiandike "asilimia 51.7" kana kwamba umepima dhahabu, na usiziite takwimu rasmi, maana hizo ni za Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) na taasisi zenye mamlaka. Linganisha wenye mwenyeji anayejulikana na wasio naye, kisha ndani ya kila kundi angalia miaka waliyokaa. Kama mgeni wa miaka 2 mwenye mwenyeji anapata barua upesi kuliko mkazi wa miaka 9 asiye naye, umeuona mlango wenyewe.

Kabla ya kuandika ripoti ya mwisho, rudisha matokeo mtaani, Jumapili baada ya alasiri, kwenye karatasi kubwa za ukutani. Ramani ya vyumba usiibandike. Waache watu wabishane na namba zako na uyaandike mabishano, yaani nani alisimama kusema na nani aliketi nyuma kimya. Ukishamaliza masahihisho, chana orodha ya vyumba, ichome, na umwambie mtendaji kwamba haipo tena.