Wenzako wa nyota wako gatini

Kama uko Lamu na unatafuta wa kutazama naye nyota, anza na wale wanaoutafuta mwezi mwandamo kila tarehe 29 ya mwezi wa Kiislamu. Wameshazoea kutazama upeo wa magharibi jua linapotua. Mimi wa kwanza wangu nilimpata hivyo. Wa pili ni nahodha mmoja mzee, hajui "Pleiades" ni kitu gani, lakini Kilimia, kundi hilo hilo la nyota, anakuonyesha kwa kidole kabla hujamaliza kuuliza.

Darubini kubwa usinunue kwanza. Chukua ile ya macho mawili, 7x50 au 10x50 (inakuza mara 7 au 10, kioo cha mbele milimita 50), uegemeze viwiko ukutani darini ili mikono isitetemeke. Sayari ya Mshtarii (Jupiter) ikiwa juu utaona vidoa vya mwanga vimejipanga ubavuni mwake: ndiyo miezi yake, ile minne mikubwa. Mwezi wetu utazame ukiwa nusu, si mpevu. Kwenye ukingo wa kivuli ndipo mashimo yanapojitokeza. Ukijaa, yote yanakuwa bapa.

Macho yape nusu saa gizani. Simu ndiyo adui, hata ukiwa na programu ya ramani ya nyota, Stellarium (ni nzuri kweli), basi iweke kwenye rangi nyekundu.

Sisi tuko karibu na ikweta: mwezi wa Mei, saa tatu usiku, ukitazama kusini, Msalaba wa Kusini uko mbele yako, geuka nyuma Dubu Mkubwa huyo hapo. Ila masika nayo ndiyo hiyo hiyo, mawingu tele. Kilimia kina bahati zaidi, kipindi chake ni kaskazi.