Namna ya Kutoa Maoni Juu ya Riwaya ya Taharuki Bila Kumwaga Siri Yake

Maoni mengi yanayoandikwa kuhusu riwaya za taharuki na za kutisha huishia kwenye sentensi mbili, kwamba kitabu kinasisimua na kwamba msomaji alikesha nacho hadi adhana ya alfajiri. Huenda yote mawili ni kweli tupu, lakini hayamsaidii mtu aliyesimama mbele ya rafu ya duka la vitabu na noti zake mbili za elfu kumi mkononi, akijiuliza achukue kipi aache kipi. Upande wa pili wako wanaosimulia kisa chote, muuaji na sababu yake, wakawa wamemwaga mtama kwenye kuku wengi. Mwongozo huu ni kwa anayetaka kupita katikati, na msimamo wangu ni mmoja: riwaya ya namna hii hupimwa kwa jinsi ukurasa wake wa kwanza unavyosomeka baada ya kuujua wa mwisho, na kazi ya mtoa maoni ni kueleza matokeo ya kipimo hicho bila kuutaja huo wa mwisho.

Kazi huanza kabla ya kufungua kitabu, nayo ni ndogo. Usisome maneno ya jalada la nyuma. Wachapishaji wa siku hizi wamezoea kutangaza humo kwamba kuna mgeuko usioutarajia, na msomaji aliyekwisha kuambiwa hivyo huusaka kila ukurasa kama mtu aliyeangusha pete mchangani, hata asisikie wahusika wanasema nini.

Ukianza kusoma, kunja karatasi moja na uiweke ndani ya kitabu pamoja na penseli. Anayesoma kwenye simu atumie sehemu ya kuandikia ambayo programu nyingi za kusomea zinayo. Kila unapofunga kitabu, andika mambo matatu: unamshuku nani, umeogopa wapi, na umechoka wapi. Usiandike zaidi ya mstari mmoja kwa kila jambo. Karatasi yangu moja ina maneno haya: "Saa tano usiku. Nimeinuka kwenda kukagua komeo la mlango wa uani. Simwamini msimulizi, anajieleza mno." Mstari ule kuhusu komeo ulinifaa kuliko kurasa mbili za sifa ambazo ningeziandika baada ya kumaliza, kwa sababu ulitunza hofu ikiwa bado mbichi. Mtu akishaujua mwisho hujidanganya haraka sana, hudai kwamba alimjua muuaji tangu sura ya tatu, na ni ile karatasi tu inayoweza kumkumbusha kwamba katika sura ya tatu alikuwa akimshuku mtunza bustani asiye na hatia.

Jambo linalofuata ndilo wengi wanalolikosea. Amua mapema kitabu kimekuahidi nini, kwa sababu riwaya ya upelelezi na riwaya ya kutisha hazidaiwi deni moja. Sisi tuliosoma Mzimu wa Watu wa Kale ya Mohamed Said Abdulla, iliyotoka mwaka 1960, tulifundishwa tofauti hii bila kutajiwa. Maiti inakutwa mahali pa mizimu, watu wanaanza kunong'ona, kisha anaingia Bwana Msa na kiko chake, naye haridhiki na minong'ono. Anataka kujua nani alikuwa wapi na saa ngapi. Riwaya ya upelelezi inaweza kukutisha kwa mzimu, lakini mwishowe inadaiwa maelezo ambayo akili itayakubali. Riwaya ya kutisha haidaiwi maelezo hayo. Inaweza kuuacha mzimu ukae palepale ulipo, mradi mzimu huo ufuate kanuni zake wenyewe na usipate nguvu mpya kila mwandishi anapokwama. Ukiilaumu riwaya ya kutisha kwamba haikueleza kila kitu, umekwenda kudai nauli ya daladala kwa nahodha wa jahazi.

Ukimaliza, usiandike siku hiyohiyo. Lala, kisha kesho yake rudi usome sura mbili za mwanzo polepole. Hiki ndicho kipimo nilichokitaja, nacho kina asili ya zamani: mwaka 1929 padri Mwingereza Ronald Knox, aliyekuwa pia mtunzi wa hadithi za upelelezi, aliorodhesha kanuni kumi za uandishi huo, na mojawapo inamkataza mpelelezi kugundua kidokezo chochote ambacho msomaji hakuonyeshwa papo hapo. Waandishi wa leo hawafungwi na kanuni zake zote, na baadhi yake zimepitwa kabisa na wakati, lakini swali lililo chini yake halijachakaa. Je, nilipodanganyika, nilidanganyika kwa kuonyeshwa kitu nikakielewa vibaya, au kwa kufichwa kitu ambacho msimulizi hakuwa na sababu yoyote ya kukificha? Mwandishi wa namna ya kwanza amenishinda kwa haki, na yule wa pili ameniibia.

Chukua The Silent Patient ya Alex Michaelides, iliyotoka mwaka 2019. Mchoraji wa London, Alicia Berenson, anampiga mumewe risasi tano, na tangu usiku huo hatamki neno. Miaka inapita, kisha mtaalamu wa tiba ya nafsi anayeitwa Theo Faber anaomba kazi katika hospitali alikofungiwa, akitaka kumfungua kinywa. Niliporudi kwenye sura za mwanzo nilikuta sentensi nilizokuwa nimezipita kama maneno ya kujazia nafasi, na safari hii kila moja ilikuwa imebeba mzigo. Kwa hiyo natoa hukumu kwamba kitabu kimenitendea haki katika jambo lake kuu. Kilichoniudhi ni shajara ya Alicia inayopachikwa katikati ya masimulizi ya Theo: ina mazungumzo marefu, neno kwa neno, kama tamthilia, na sijaona mtu mwenye majonzi anayeandika shajara hivyo. Tazama kwamba nimesifu na kulaumu kwa sababu zinazoonekana, na asiyekisoma bado hajui siri iko wapi. Sitaitaja hata nikiulizwa pembeni.

Hapo ndipo penye ugumu wa kazi hii. Niliwahi kumpa dada yangu mkubwa riwaya ya mauaji, nikamwambia kwa nia njema kabisa, "Usimpende sana yule daktari." Alinirudishia kitabu siku ya pili akiwa amefika nusu. Hakukasirika, alisema tu kwamba hakukuwa na sababu ya kuendelea. Sikuwa nimetaja jina la muuaji, ila nilimwelekeza macho, na kuelekeza macho ni kutoboa siri kwa njia ya mzunguko. Tangu siku hiyo najiwekea mipaka miwili. Tukio lolote lililo nje ya robo ya kwanza ya kitabu silisimulii, na mhusika yeyote simsemi kwa namna itakayomfanya msomaji amtazame tofauti na alivyotaka mwandishi. Hata ile sentensi inayopendwa sana, kwamba "hakuna atakayedhania mwisho wake", naiacha, kwa kuwa inaharibu kama jalada la nyuma linavyoharibu.

Kuna vitabu vinavyokurahisishia kwa kukupa muuaji mlangoni. My Sister, the Serial Killer ya Oyinkan Braithwaite, ya mwaka 2018, inafanyika Lagos, na jina lenyewe limekwisha kukuambia nani anaua. Sura ya kwanza ina sentensi mbili tu: Ayoola amempigia dada yake Korede kumwambia kwamba ameua, na Korede alitumaini asingeyasikia tena maneno hayo. Hilo "tena" ndilo linaloufanya mwili usisimke. Kisha Korede, ambaye ni muuguzi, anakwenda kusugua bafu la watu kwa dawa ile ambayo wengi wetu tunaiita jiki, akieleza usafi wake kwa utulivu wa mtu anayefua sare za shule. Kama ningetakiwa kukitolea maoni kwa aya moja, ningeandika hivi:

"Usikitafutie muuaji, umekwisha kupewa. Kinachokuvuta ni kujua dada mkubwa atabeba mzigo wa mdogo wake hadi lini, hasa daktari ambaye dada huyo anampenda anapomwona Ayoola kwa mara ya kwanza. Sura ni fupi mno, Kiingereza chake ni chepesi, na ucheshi wake ni wa uchungu. Nilitaka kukaa zaidi na mama yao, ambaye mwandishi anampita haraka. Kinamfaa aliyelelewa katika nyumba ambamo mkubwa ndiye huambiwa avumilie. Kina kisu, damu, na ukatili wa baba kwa watoto."

Aya hiyo ina mambo ambayo maoni mafupi hayapaswi kuyakosa: taharuki inatoka wapi, lugha ina uzito gani, kasoro ni ipi, kinamfaa nani, na nani ajihadhari. Jambo la lugha hupuuzwa, ilhali wengi wetu tunasoma riwaya hizi kwa Kiingereza tukiwa na viwango tofauti. Onyo nalo liandikwe kwa maneno ya jumla na liwekwe mwishoni, ili asiyelihitaji aweze kuliruka. Msomaji aliyefiwa na mtoto ana haki ya kujua kwamba kitabu kina kifo cha mtoto; hana haja ya kujua kiko sura gani.

Riwaya za kutisha zinataka uangalifu wa ziada, kwa kuwa neno "inatisha" peke yake limebeba mambo mawili. Mwandishi Mwingereza Ann Radcliffe, katika makala iliyochapishwa mwaka 1826 baada ya kifo chake, alitenganisha hofu ya kitu kisichoonekana bado, ambayo huipanua nafsi na kuziamsha hisia, na kitisho cha kitu kilichokwisha kujitokeza, ambacho huzigandisha. Mimi huongeza la tatu, kinyaa, yaani yale ya usaha na utumbo. Unapoandika, sema kitabu chako kinategemea lipi. Mtu anaweza kuvumilia nyayo zinazosikika darini usiku kucha na asiweze kuvumilia aya moja ya jeraha lenye funza.

Mfano mzuri ni Mexican Gothic ya Silvia Moreno-Garcia, ya mwaka 2020. Hadithi inaanzia Mexico katika miaka ya 1950. Msichana wa mjini, Noemí Taboada, anatumwa na baba yake kwenda kumwona binamu aliyeolewa na familia ya Kiingereza, baada ya binamu huyo kuandika barua ya kuchanganyikiwa akidai mumewe anataka kumwekea sumu. Nyumba iko mlimani, karibu na mgodi wa fedha uliokwisha kufungwa. Kuna ukungu nje na kuvu ukutani. Nusu ya kwanza karibu yote ni hofu ya namna ya Radcliffe: mlo wa jioni unaoliwa kimya kwa amri ya wenye nyumba, na mzee wa familia anayezungumza habari za mbari bora na mbari duni mbele ya mgeni wake. Nusu ya pili inaingia kwenye kitisho na kinyaa kwa miguu yote miwili. Asiyeambiwa hivyo mapema atadhani amebadilishiwa kitabu.

Mtoa maoni wa huku kwetu ana kitu cha kuongeza hapo. Mgodi ule ulichimbwa kwa jasho la vibarua wa Kimexico, na utajiri wake ukamnenepesha mgeni. Anayejua habari za mashamba ya mkonge ataisikia nyumba ile ikizungumza lugha anayoifahamu. Liseme hilo waziwazi. Vilevile sema umetoka na hofu zipi. Mwaka 1995, uvumi wa Popobawa ulipoenea Pemba na Unguja, watu walilala nje kwa makundi wakiota moto, na mtoto aliyelala miongoni mwao hawezi leo kusoma habari za kiumbe kinachoingia chumbani usiku kwa moyo uleule wa mtu wa London. Ukisema "sikuogopa" bila kueleza wewe ni nani, umenipa nusu ya habari.

Kuhusu nyota na alama za kumi, mimi nazitoa baada ya kuandika, sizitoi kabla. Nikizitanguliza najikuta natafuta sababu za kuitetea namba. Na maoni yakishaandikwa yana ruhusa ya kubadilika. Mara ya kwanza niliandika kwamba Mexican Gothic inajikokota mno hadi katikati. Miezi kadhaa baadaye nikagundua kwamba sikumbuki hata moja ya mbio za sura za mwisho, lakini ile meza ya chakula iliyo kimya naikumbuka hadi vijiko. Niliongeza sentensi mbili chini ya maoni yangu kueleza hivyo, na ile ya kwanza nikaiacha ilipo, pamoja na tarehe yake.