Kumfundisha mtoto aliyechelewa kukua kujilisha kwa kijiko

Watoto wengi hujaribu kujilisha kwa kijiko wakifika miezi 18 hivi, hata kama nusu ya chakula inaishia kifuani. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo, au aliyechelewa hatua za ukuaji, huhitaji kufundishwa kipande kwa kipande. Wengi huanza na kuchota, na hapo ndipo wanapokosea. Kuchota ndiko kugumu kuliko yote; atashindwa mara kumi mfululizo kisha atupe kijiko. Anzia mwisho, pale chakula kinapoingia mdomoni.

Kwanza mkalishe vizuri. Makalio yaguse mgongo wa kiti, magoti yakunjike, nyayo zitulie chini. Miguu ikining'inia, weka tofali lililofungwa kitambaa. Akielemea upande, viringisha kanga mbili, moja kila ubavu. Mtoto anayehangaika asianguke hana mkono wa kushikia kijiko. Kichwa kiwe wima au kiiname mbele kidogo. Usimlishe akiwa amelala chali wala ametazama juu, atapaliwa.

Kijiko kiwe kidogo, mpini wake uzungushiwe mpira wa tyubu ya baiskeli mpaka ujae kiganjani mwake. Chini ya bakuli tandika kitambaa kibichi kilichokamuliwa, lisiteleze. Kingo za bakuli ziwe zimesimama, apate pa kusukumia chakula. Tumia viazi au ndizi zilizopondwa, au uji mzito unaobaki kijikoni hata ukikiinamisha. Uji mwepesi humwagika njiani, na mtoto hudhani kosa ni lake.

Kaa nyuma yake, au ubavuni ukielekea anakoelekea yeye. Ukikaa mbele yake utauvuta mkono kinyumenyume, naye atagoma. Funika mkono wake kwa wako, mchote pamoja, muinue pamoja. Kijiko kikibakiza vidole viwili kufika mdomoni, legeza mkono wako, amalizie mwenyewe. Sema neno moja tu, "mdomoni", wala usishangilie kila tonge: chakula chenyewe ndicho zawadi. Kisha rudisha mkono wake bakulini kwa mkono wako.

Piga vijiti kwenye daftari. Akimalizia mwenyewe mara 8 kati ya 10 kwa siku tatu mfululizo, achia mapema zaidi: kijiko kikiwa kidevuni, baadaye kifuani, baadaye juu ya bakuli. Kuchota kuje mwisho kabisa, na hapo msaada uhame polepole kutoka kiganjani kwenda kifundo cha mkono, kisha kwenye kiwiko. Akianza kushindwa, rudi nyuma hatua moja.

Dakika kumi za mwanzo wa mlo, akiwa na njaa, zinatosha. Baada ya hapo mlishe kama kawaida ashibe. Kumkomalia mtoto mwenye njaa humfanya achukie kijiko. Na wote wanaomlisha, bibi, dada wa kazi, mwalimu wa chekechea, wafuate njia ile ile. Mpango wa Portage, wa kuwafundisha nyumbani watoto waliochelewa kukua, ulioanza Wisconsin, Marekani, mwaka 1969, ulijengwa juu ya jambo hilo: mwalimu huja nyumbani mara moja kwa wiki, kazi ya kila siku hubaki kwa mzazi.

Akiuma kijiko, usikivute. Ukivuta, taya hukaza zaidi na meno huweza kuumia. Tulia, kichwa kiwe kimeinama kidogo, ngoja taya ilegee. Akitupa kijiko, kiokote bila neno na umrudishie. Akikitupa mara ya tatu, huenda amechoka au ameshiba, maliza kipindi.

Kikohozi cha hapa na pale si ajabu. Lakini akikohoa karibu kila mlo, macho yakitoka machozi wakati wa kumeza, au sauti ikiwa kama ina maji kooni baada ya kula, acha mafunzo na umpeleke hospitali wachunguze anavyomeza. Nenda na sampuli ya chakula anachokula, na uwaonyeshe jinsi anavyokaa.