Kizibao cha Machungwa: Tahadhari kwa Mwanadiaspora Anayekwenda Kuwinda Marekani

Nilipewa hati ya kosa la kutovaa rangi ya machungwa nikiwa nimevaa rangi ya machungwa. Naanzia hapo kwa sababu kila ndugu niliyemsimulia kisa hiki amedhani kwamba nilipuuza sheria, ilhali kizibao cha rangi hiyo, ambayo mwindaji huvaa ili wenzake wenye bunduki wasimdhanie mnyama, kilikuwa mwilini mwangu, kofia ilikuwa kichwani, na kijitabu cha kanuni za uwindaji nilikuwa nimekisoma kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Kosa langu ni kwamba kijitabu hicho kilikuwa cha Minnesota, jimbo ninaloishi, nami nilikwenda kuwinda Colorado kwa mwaliko wa marafiki, katika msimu wa bunduki.

Minnesota, wakati wa msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki, kofia na vazi la nje juu ya kiuno, ukiacha mikono ya vazi na glavu, sharti viwe vya rangi ya machungwa ing'aayo au ya waridi ing'aayo. Hata hivyo, jimbo hilo hukubali mabakabaka ya machungwa, yaani kitambaa chenye michoro ya majani na matawi juu ya rangi hiyo, mradi nusu ya kila futi ya mraba ibaki kuwa ya rangi inayotakiwa. Kizibao changu kilikuwa cha namna hiyo, na kofia vilevile. Colorado hudai kitu kingine: anayewinda kulungu, elki (aina ya kulungu mkubwa), au dubu kwa bunduki lazima avae angalau inchi za mraba 500 juu ya kiuno, ambazo ni takriban sentimita za mraba 3,226, za rangi tupu isiyo na michoro, na sehemu ya kiasi hicho iwe kofia inayoonekana kutoka pande zote. Mabakabaka hayahesabiwi kabisa. Kwa hiyo, afisa wa wanyamapori aliponipima kwa macho kando ya gari, kwa mujibu wa sheria ya jimbo lake nilikuwa na inchi sifuri.

Huu ndio mtego, nami naomba msomaji asiupite haraka. Sisi tumetoka katika nchi ambazo sheria ya wanyamapori hutungwa mara moja na kufuatwa kutoka mpaka hadi mpaka, na mwenye kibali hana haja ya kujiuliza kama wilaya ya jirani ina sheria yake ya mavazi. Marekani, kila jimbo hujitungia. Pennsylvania, katika misimu ya bunduki ya kulungu na dubu, hutaka inchi 250 kwa jumla kichwani, kifuani na mgongoni, zionekane ukizungukwa nyuzi zote 360. Wisconsin hutaka nusu ya vazi la nje juu ya kiuno, na kofia, ukiivaa, nayo iwe nusu. Aliye Kanada asidhani amepona, maana Ontario hudai inchi 400 pamoja na kifuniko cha kichwa, na katika hizo 400 haihesabu mabakabaka wala kitambaa cha wavu. Kizibao kimoja kinaweza kuwa halali asubuhi na kuwa kosa jioni ya siku hiyohiyo, kwa sababu tu umevuka mpaka ambao barabarani huonyeshwa na kibao kimoja cha kukaribisha wageni. Soma kanuni za jimbo utakaloweka mguu, toleo la mwaka huohuo, kwa mnyama huyohuyo, kwa silaha hiyohiyo. Usisome za jimbo unalolala.

Hatua nyingine ni za kawaida: fanya kozi ya usalama wa uwindaji, ambayo Colorado huidai kwa kila aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1949 au baadaye, kisha nunua leseni na uibebe. Aliye na viza ya muda akumbuke jambo moja zaidi, kwamba sheria ya shirikisho humkataza kushika bunduki isipokuwa awe katika kundi lililoruhusiwa, kama vile mwenye leseni halali ya kuwinda iliyotolewa na jimbo. Asiiguse kabla ya kuipata leseni hiyo mkononi.

Nirudi kwenye vazi, kwa sababu hati ya kosa haikuwa jambo baya kuliko yote siku ile. Saa mbili kabla ya kukutana na afisa, nilikuwa napanda mteremko wenye misonobari, mwanga ukiwa bado hafifu, na mgongoni nilikuwa nimebeba begi kubwa la kahawia lililofunika kizibao kuanzia mabegani hadi kiunoni. Baridi ilikuwa imenifanya nivute kofia ya koti juu ya kofia yangu. Nilisikia mtu akipaza sauti nyuma yangu, nikageuka. Alikuwa mzee wa makamo, amekaa chini ya mti umbali ambao kwa bunduki si kitu, naye aliniambia kwa sauti iliyotetemeka kwamba kwa muda alioona kuwa mrefu alikuwa akifuatilia kitu cha kahawia kikipanda polepole kati ya miti. Hakuwa amenielekezea bunduki. Alikuwa anatazama kwa darubini ya mkononi, kama wanavyofundishwa, na ninamshukuru aliyemfundisha. Sikuwa na sehemu hata moja ya rangi ambayo angeweza kuiona kutoka pale alipokaa.

Kwa hiyo nasema tena: rangi uliyonunua si rangi inayoonekana. Kizibao kilicho chini ya begi hakipo. Kizibao kilicho chini ya koti ulilolivaa baada ya jua kuzama hakipo. Kofia iliyofunikwa na kofia ya koti haipo. Vaa kizibao juu ya kila kitu, nunua kikubwa kiasi cha kuvaliwa juu ya koti zito, na begi lako lifunikwe kwa kitambaa cha rangi hiyohiyo. Kabla ya kuondoka garini, mwombe mwenzako akuzunguke mara moja akiwa hatua chache kutoka kwako, kisha inama, chuchumaa, na umuulize anaona nini, kwa sababu mwindaji hatembei wima siku nzima. Anayekaa ndani ya kibanda cha kitambaa cha kujifichia naye amejifunika mwili mzima; ndiyo maana Minnesota sasa hutaka kibanda cha namna hiyo, kikiwa katika ardhi ya umma wakati wa kuwinda kulungu, kiwe na alama ya rangi hiyo juu yake ionekanayo pande zote, au inchi za mraba 144 kila upande.

Ndugu zetu, kwa upendo wao, hutupotosha katika jambo hili. Binamu yangu alipoona picha yangu alinishangaa kwamba nakwenda kumvizia mnyama nikiwa nimewaka kama moto, na akaniahidi koti la mabakabaka ya kijani. Ndugu yangu, nia yako ni njema, lakini jicho la kulungu si jicho lako. Kulungu ana aina mbili tu za chembe za kutambua rangi pale sisi tulipo na tatu, na rangi ya machungwa kwake hufifia karibu na rangi ya majani makavu. Anachokiona vizuri kuliko sisi ni buluu na mionzi ya urujuanimno, ambayo jicho letu haliioni. Maana yake ni kwamba sabuni ya kufulia yenye kemikali za kung'arisha nguo ndiyo inayoweza kukufichua kwake, kwa sababu kemikali hizo huifanya nguo itoe mwanga wa kibuluu. Fua vazi lako kwa sabuni isiyo na kemikali hizo, na hofu ya kuwatisha wanyama itakuwa imekwisha. Anayepaswa kukuona ni binadamu mwenye bunduki, naye kwake rangi hiyo hutokeza mapema alfajiri kuliko nyekundu, kwa kuwa kitambaa hicho hupokea mionzi ambayo jicho halioni na kuirudisha ikiwa mwanga unaoonekana, ilhali nyekundu ya kawaida huonekana kama weusi mwanga unapopungua.

Mgeni anayekutembelea na kutaka kukusindikiza ili apige picha ni hatari zaidi, kwa sababu hajisikii kuwa mwindaji na hivyo haoni kwamba kanuni zinamhusu. Usimruhusu ashuke garini akiwa na koti jeupe, la kahawia au la rangi ya kaki. Kulungu wengi wa nchi hii wana weupe mkiani au matakoni, na macho yaliyosubiri tangu alfajiri hukamilisha mnyama mzima kutoka kwenye kipande kimoja cheupe. Mwaka 1988, katika jimbo la Maine, mama mmoja aliuawa kwa risasi ya mwindaji akiwa nyuma ya nyumba yake mwenyewe, amevaa glavu nyeupe, na aliyepiga alisema aliona mkia wa kulungu. Hakuwa akiwinda, wala hakuwa porini. Mpe mgeni kizibao, hata kama sheria haimtaji, na mwambie kwamba akimwona mwindaji mwingine asimpungie mkono wala kupiga mluzi, bali aseme kwa sauti kubwa na ya wazi kwamba yeye ni mtu.

Nimetafakari sana tabia ya jamii hii katika jambo hili. Ni watu wanaomwamini mgeni kabisa aingie peke yake katika msitu wa umma akiwa na bunduki, bila askari wa kumsindikiza na bila mwongozaji, na imani hiyo naiheshimu. Lakini imani hiyo wameiwekea mipaka ya maandishi, na mipaka hiyo haitazami moyo wa mtu. Afisa aliyenikuta alikuwa mpole, alinisikiliza hadi mwisho nilipoeleza kuhusu Minnesota, akakubali kwamba nilikosea bila kukusudia, kisha akaandika. Kwao kueleweka na kusamehewa ni mambo mawili tofauti, na mtu aliyezoea kwamba maneno mazuri hulainisha jambo asipoteze nguvu zake hapo. Nadhani wana haki kuwa wagumu katika hili. Ninachowalaumu ni kwamba majimbo yaliyoshindwa kukubaliana juu ya rangi moja ya nguo yameweza kukubaliana juu ya adhabu: karibu yote yamo katika mkataba wa pamoja wa makosa ya wanyamapori, hivyo leseni ikisimamishwa katika jimbo moja huweza kusimamishwa katika mengine pia. Colorado, makosa huhesabiwa kwa pointi, na anayefikisha 20 ndani ya miaka mitano huweza kunyang'anywa haki ya kuwinda. Sikufikia huko, lakini pointi zangu zipo.

Tena usidhani kwamba ukilipa faini jambo limezikwa, kama nilivyodhani mimi. Fomu N-400 ya kuomba uraia humuuliza mwombaji kuhusu kukamatwa na hata kuandikiwa hati ya kosa na afisa wa sheria, siyo kufungwa peke yake. Nilipofika kwenye swali hilo miaka kadhaa baadaye, nilikuwa nimeitupa risiti, na ilinilazimu kuandikia mahakama ya kule Colorado kuomba uthibitisho kwamba nililipa. Kosa dogo la mavazi lililotajwa wazi si sawa na kosa dogo lililofichwa, kwa sababu kuficha kunasomeka kama uongo. Hifadhi hati, hifadhi risiti, na kabla ya kujaza fomu hiyo muulize wakili wa uhamiaji jinsi ya kulitaja.

Kuhusu kununua, sina mengi. Usivae kizibao cha njano-kijani cha mafundi wa barabara, kwa sababu katika majimbo niliyoyataja hakihesabiwi, na tena hupotea mbele ya majani yanayogeuka rangi. Mikanda inayoakisi taa haina msaada mchana, kwani hung'aa tu inapomulikwa. Chunguza kizibao cha zamani kila mwanzo wa msimu kwa kukiweka kando ya kipya penye mwanga wa asubuhi: jua na kufuliwa huua ule mng'ao polepole, na kitambaa kilichopauka ni cha kubadilishwa hata kama hakijachanika. Mwindaji wa upinde naye aangalie kalenda, kwa maana baadhi ya misimu ya upinde hupishana na ya bunduki, na huenda akajikuta katikati ya watu wenye bunduki akiwa na nguo za kujificha.

Msimu uliofuata nilirudi Colorado nikiwa na kizibao kipana cha rangi tupu, kofia ya rangi hiyohiyo, na kitambaa cha kufunika begi. Nilibeba pia kitambaa cha pili, kwa sababu kazi haiishi mnyama anapoanguka: nyama, kichwa na pembe hubebwa mgongoni au kuburutwa kwa saa kadhaa kurudi garini, na mtu mwenye pembe mabegani anayepita kati ya miti huonekana kwa kila mwindaji kama kile alichokuja kukitafuta. Funga kitambaa hicho kwenye pembe na juu ya mzigo wote kabla hujaunyanyua, na ukiwa na mwenzako, mmoja atangulie mbele akiongea kwa sauti hadi mfike barabarani.