Namna ya Kutazama Filamu ya Zamani Mpaka Ujue Kwa Nini Inapendwa

Mtu aliyesikia filamu ya miaka themanini iliyopita ikisifiwa, akaketi kuitazama, kisha akaizima baada ya nusu saa huku akijiuliza wenzake waliona nini, si lazima awe na kasoro ya ladha. Mara nyingi alianza na filamu isiyomfaa, katika nakala mbaya, akiitarajia impe yale anayopewa na filamu za leo. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuanza vizuri, na pia jambo moja la kutafuta ndani ya filamu hizo, ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha mapenzi ya watu kwazo: pengo kati ya anachokijua mhusika mmoja na asichokijua mwingine, linaloachwa usoni mwa mwigizaji bila maelezo.

Usianze na filamu inayoongoza orodha za wahakiki. Citizen Kane ya mwaka 1941, ambayo Orson Welles aliiongoza akiwa na umri wa miaka 25, ni kazi kubwa, lakini mambo yaliyowashangaza watu ndani yake, kama vile picha ambamo aliye karibu na aliye mbali huonekana kwa uwazi uleule, yameigwa mno hata mgeni hayaoni tena kuwa mapya. Iache kwanza. Chagua filamu yenye swali ambalo hata mtoto angelielewa. Ladri di biciclette, iliyoongozwa na Vittorio De Sica mwaka 1948, inafaa sana: mjini Roma, baada ya vita, baba anapata kazi ya kubandika matangazo kwa sharti la kuwa na baiskeli, na baiskeli hiyo inaibwa. Yeye na mwanawe wanaitafuta, basi. Aliyeigiza baba huyo alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, wala hakuwa mwigizaji wa kazi, na filamu nzima haifiki saa moja na nusu. Ukiitazama, mwangalie mtoto kila mara anapomwangalia baba yake, kwa maana uzito wa hadithi umo katika yale ambayo mtoto anaanza kuyatambua na baba angetamani asiyatambue.

Kabla ya hapo, shughulikia runinga. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 picha nyingi za sinema zilikaribia umbo la mraba, upana wa nne kwa kimo cha tatu, na runinga ya leo ikiachwa ijiamulie huweza kuivuta picha hiyo ijaze kioo, watu wakanenepa na magurudumu yakawa mayai. Mistari myeusi kushoto na kulia ndiyo dalili kwamba mambo yako sawa. Zima pia ule mpangilio unaobuni picha za ziada ili mwendo uwe laini, kwa sababu filamu za sauti zilipigwa kwa picha 24 kwa sekunde, na ulaini wa kubuni huzifanya zionekane kama zimerekodiwa jana studioni. Ukiweza kuchagua nakala, chukua iliyokarabatiwa, na uepuke iliyotiwa rangi baadaye: mpigapicha aliyepanga mwanga kwa ajili ya nyeusi na nyeupe alikuwa na hesabu zake. (Mtu akitazama The Wizard of Oz ya mwaka 1939 asidhani runinga imeharibika, mwanzo wake ni wa rangi ya kahawia kwa makusudi, na rangi kamili huja mlango unapofunguliwa.)

Filamu zisizo na sauti zina tatizo lao. Kamera za awali zilizungushwa kwa mkono, mara nyingi kwa kasi ya chini ya picha 24 kwa sekunde, hivyo zikionyeshwa kwa kasi ya baadaye watu hukimbia kama siafu, na mtazamaji huhitimisha kwamba uigizaji wa enzi hizo ulikuwa wa kitoto. Tafuta nakala iliyorekebishwa kasi.

Baada ya hapo tazama City Lights ya Charlie Chaplin, na uipe jioni nzima. Ilitoka mwaka 1931, wakati filamu za kuzungumza zilikuwa zimekwisha kushika soko, lakini Chaplin alikataa mazungumzo na akatunga muziki wake mwenyewe. Mzururaji fukara anampenda muuza maua asiyeona, ambaye anamdhania kuwa tajiri. Mzururaji anapata fedha za kumtibu macho, na kwa ajili ya fedha hizo anafungwa. Kueleza mwisho wake hakuuharibu, kwa hiyo nitaueleza. Anapotoka gerezani amechakaa kuliko mwanzo, na msichana, ambaye sasa anaona na ana duka, anamcheka kupitia dirishani, kisha kwa huruma anamtolea ua na sarafu. Msichana anaposhika mkono wa mzururaji ili aiweke sarafu hiyo, vidole vyake vinamtambua kabla ya macho. Uso wa kila mmoja unakaa mbele yetu kwa muda mrefu kuliko tulivyozoea, na filamu inakwisha bila kutuambia kama msichana amefurahi au amevunjika moyo. Jizoeze hivi katika filamu yoyote: uso ukikaa kwenye kioo zaidi ya unavyotarajia, jiulize mtu huyo amejua nini sasa hivi.

Filamu ndefu zinataka mpango tu. Samurai saba wa Akira Kurosawa, filamu ya mwaka 1954, wanachukua dakika 207, na filamu ina mapumziko yake katikati, yatumie. Usiruke sehemu ya mwanzo ya kukusanya wapiganaji, kwa kuwa bila hiyo vita vya mwisho katika mvua na matope vitakuwa vurugu za watu usiowajua.

Kuhusu kusoma habari za filamu kabla ya kuitazama, kanuni yangu ni kusoma baadaye. Kwa Psycho ya mwaka 1960 ni lazima, maana mwongozaji wake, Alfred Hitchcock, mwenyewe alitaka majumba ya sinema yasiwaruhusu waliochelewa kuingia. Kwa Casablanca ya mwaka 1942, historia ndiyo itakayokurudisha: katika onyesho ambalo wateja wa baa wanaimba wimbo wa taifa wa Ufaransa ili kuuzima wimbo wa maofisa wa Kijerumani, baadhi ya waigizaji walikuwa wakimbizi halisi waliotoroka Ulaya kwa sababu ya Wanazi. Ukishajua hilo, lirudie onyesho hilo moja tu.

Utakutana pia na namna za kuwachora wanawake na watu weusi ambazo zinaudhi. Udhika, si lazima uzitetee ili uendelee kuipenda filamu.

Mwisho, ukimuuliza mpenzi wa filamu fulani sababu za kuipenda, muulize aliitazama na nani. It's a Wonderful Life haikuleta faida ilipotoka mwaka 1946, lakini mwaka 1974 hakimiliki yake haikuhuishwa, kwa hiyo vituo vya televisheni vya Marekani vikaanza kuirusha kila Krismasi, na vizazi vikakua vikiitazama sebuleni na wazazi wao. Sehemu ya mapenzi hayo haimo ndani ya filamu, na mtazamaji mgeni hawezi kuipata kwa kukaza macho. Filamu ya namna hiyo itazame pamoja na yule aliyekusifia, na katika maonyesho anayoyapenda, geuka kidogo umtazame yeye.