Kabla mtoto mwenye homa ya mchochota hajapimwa damu kuangalia moyo

Mtoto anapopelekwa kupimwa damu kwa sababu ya ugonjwa wa Kawasaki, yaani mchochota (mwili kuwaka na kuvimba kwa ndani) wa mishipa ya damu unaowapata zaidi watoto wadogo, au ule mchochota wa viungo vingi ulioanza kutambuliwa mwaka 2020 kwa watoto waliopata UVIKO-19 wiki chache kabla, jambo la kwanza la kuandaa ni tarehe ambayo homa ilianza. Iandikwe tarehe yenyewe, kwa kuwa majibu ya maabara husomwa kwa kuhesabu siku: chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, huweza kuwa za kawaida siku ya 4, kisha zikapanda sana wiki ya 2 au ya 3, na imunoglobulini ya mshipani (dawa ya kingamwili inayotuliza mchochota) katika Kawasaki hufaa zaidi ikitolewa ndani ya siku 10 tangu homa ianze. Dalili zilizokwisha kutoweka nazo zitajwe, kama macho mekundu yasiyo na tongotongo au midomo iliyopasuka; picha ya simu hapa hushinda maelezo marefu.

Inafaa pia kujua kinachotafutwa. Troponini ni protini inayovuja kutoka kwenye misuli ya moyo iliyoumia, homoni ya BNP hutolewa na moyo ulioelemewa, ilhali protini ya CRP huonyesha ukali wa mchochota bila kusema kama moyo umeguswa. Kwa hiyo daktari aelezwe iwapo mtoto ana ugonjwa wa figo, ambao unaweza kupandisha BNP, au anatumia biotini (vitamini B7) kwa dozi kubwa, ambayo huvuruga baadhi ya vipimo vya troponini. Kama alishapewa imunoglobulini kwingineko, lisemwe hilo pia, maana dawa hiyo yenyewe hupandisha ESR, yaani kasi ya chembe nyekundu kuzama, ambayo ni kipimo kingine cha mchochota.

Mtoto aandaliwe kuchomwa zaidi ya mara moja, kwani troponini mara nyingi hurudiwa baada ya saa kadhaa ili kuona kama inapanda au inashuka. Akilegea, akipumua kwa shida au akibadilika rangi, apelekwe kwenye huduma ya dharura bila kungoja majibu yoyote.

Linalosahaulika zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba troponini ya kawaida haithibitishi usalama wa mishipa inayolisha moyo. Kwa Kawasaki isiyotibiwa, takriban mtoto 1 kati ya 4 hupata kutanuka kwa mishipa hiyo, na kasoro hiyo huonekana kwa ultrasaundi ya moyo, si kwa damu. Mzazi aulize mapema kipimo hicho kitafanyika lini, na kitarudiwa lini, kwa kuwa mishipa iliyoonekana mizima siku za mwanzo huweza kutanuka wiki zinazofuata.